Mabingobingo na Elimu ya Kuhariri Jeni

Mfugaji wa viungani mwa Jinja au wa miteremko ya Mbale, ambaye kiwanja chake ni kidogo na ng'ombe wake wa maziwa hulishwa bandani mwaka mzima, aghalabu hana tegemeo kubwa la malisho ila mabingobingo. Na mabingobingo hayo, kwa miaka mingi sasa, yameandamwa na maradhi ya kudumaa yaletwayo na bakteria iitwayo fitoplazma, ikaayo katika mishipa ya mmea na kuenezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Hila ya maradhi haya ni kwamba shina huweza kuonekana lina siha mpaka likatwe, ndipo machipukizi yarudipo mafupi, yamesongamana, yenye majani membamba ya manjano, na kila mkato huwa haba kuliko uliotangulia hata shina life. Tena, kwa kuwa hupandwa kwa pingili, jirani amgawiaye mwenziwe mzigo wa vipando kwa ihsani humgawia na maradhi pasipo kujua.

Elimu ya kuhariri jeni, iliyowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020, naitamani kwa dhati ielekezwe kwenye majani haya. Kazi si nyepesi: mabingobingo yana seti nne za kromosomu, jumla 28, basi jeni moja yaweza kuwa na nakala kadhaa zitakazo kurekebishwa zote, na siri ya ustahimilivu sharti kwanza itafutwe katika zile aina chache zisizodhurika sana.

Lakini sheria iko wapi? Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa bioteknolojia mwaka 2017, likaupitisha tena 2018, na mara zote mbili Rais aliurudisha, akihoji, pamoja na mengine, haki za jamii zilizohifadhi mimea ya asili dhidi ya mwenye hataza. Hoja hiyo naiona ya haki. Kuchelewa hivi sikuoni hivyo, ilhali Kenya tangu 2022 ina miongozo iruhusuyo mmea uliohaririwa bila kutiwa jeni ya kigeni kuhesabiwa kama mmea wa kawaida, na vipando havina pasipoti mpakani Malaba. Mswada urejeshwe, uwe na kifungu kimpacho mfugaji idhini ya kukata pingili na kumgawia amtakaye bila malipo, na utafiti ugharimiwe na hazina ya umma. Hadi wakati huo, mashina yaliyodumaa yang'olewe mara moja, na vipando vichukuliwe tu katika mashina yaliyokwisha kukatwa zaidi ya mara moja yakarudi na siha yake.