Tuziangalie Taa za Gari Letu



Familia nyingi zina gari la zamani. Ni lile lililonunuliwa mkono wa pili au wa tatu, linalobeba watoto, magunia ya sokoni na wageni wa harusi, na ambalo bado linatufaa sana likitunzwa. Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo cha gari hilo, chenye bei ndogo, ambacho husahauliwa mpaka ajali itokee. Kitu hicho ni balbu.

Wengi wetu hudhani kwamba taa zipo ili dereva aone njia. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kuwafanya wengine watuone. Taa za mbele zikififia tunatambua mara moja. Lakini taa za nyuma na za breki dereva hawezi kuziona akiwa kwenye usukani. Zinaweza kuwa zimekufa kwa wiki tatu naye hana habari. Atakayejua ni dereva wa lori anayemfuata, na huenda akajua akiwa amekwisha kuchelewa. Gari lenye taa moja ya mbele nalo hudhaniwa kuwa ni pikipiki, na anayekuja huliachia nafasi ya pikipiki. Barabara zetu nyingi nje ya mji hazina taa, kwa hiyo hatari hii si ndogo.

Jinsi ya kuzichunguza

Chagua siku moja kila wiki, kabla giza halijaingia kabisa. Washa taa zote, kisha mtoto mkubwa azunguke gari akikuambia ipi inawaka na ipi haiwaki. Asimame kando, asikae mbele wala nyuma ya gari. Ukiwa peke yako, rudisha gari karibu na ukuta mweupe na ukanyage breki. Utaona wekundu ukutani kwa kioo cha kuangalia nyuma. Indiketa hujieleza yenyewe: ikianza kupepesa haraka kuliko kawaida upande mmoja, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua.

Jinsi ya kuchagua

Usiende dukani na maneno matupu. Toa balbu iliyoungua uende nayo. Kwenye kitako chake cha chuma pameandikwa volti na wati. Karibu magari yote madogo yanatumia volti 12. Malori mengi yanatumia volti 24, na balbu ya lori ukiitia kwenye gari dogo itawaka kwa unyonge tu.

Taa za mbele za magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990 hutumia balbu iitwayo H4. Ina nyuzi mbili ndani yake: wati 60 kwa taa kali ya mbali, na wati 55 kwa taa iliyoshushwa. Indiketa kwa kawaida ni wati 21. Kama kioo chake ni cheupe, balbu yenyewe lazima iwe ya rangi ya machungwa.

Balbu ya nyuma ndiyo inayowadanganya watu. Katika magari mengi, balbu hiyo moja hufanya kazi mbili: uzi wa wati 5 ni wa taa ya nyuma, na uzi wa wati 21 ni wa breki. Itazame vizuri ubavuni, utaona vijino viwili, kimoja juu kidogo kuliko kingine. Vimewekwa hivyo ili balbu iingie kwa njia moja tu. Wako wanaoilazimisha kuingia kinyume. Hapo taa ya nyuma huwaka kwa ukali wa breki usiku kucha, na ukikanyaga breki aliye nyuma haoni tofauti ya maana.

Muuzaji atakuambia kwamba iko H4 yenye wati 100, inayomulika kama mchana. Mshukuru, lakini uiache. Wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5; wati 100 huvuta zaidi ya 8. Nyaya za gari la zamani, ambazo zimekwisha kukauka na kuchoka, hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Soketi huyeyuka, kioo cha ndani huungua, na gari linaweza hata kushika moto.

Vivyo hivyo kwa zile za LED zinazouzwa ili ziingizwe mahali pa H4. Taa ya zamani ilitengenezwa ifuate mahali hasa ulipo uzi wa balbu. Mwanga ukitoka mahali pengine hutawanyika, ukampofusha anayekuja. Nasi hatutaki mtu aliyepofushwa aje mbele yetu.

Jinsi ya kubadilisha

Kazi hii mama anaweza kuifanya mwenyewe. Zima gari na taa, na usubiri balbu ipoe, maana huwa ya moto sana.

1. Balbu ya nyuma hufikiwa kwa kufungua skrubu za kioo chake kwa bisibisi, au kutoka ndani ya buti. Isukume kwa ndani kidogo, izungushe kuelekea kushoto, itatoka. Mpya iingize kwa kufuata vijino vyake, isukume, izungushe kulia.

2. Balbu ya mbele hufikiwa kutoka ndani ya boneti. Chomoa soketi, vua mpira, fungua kibanio cha waya, kisha toa balbu. Mpya usiishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi hubaki juu yake, mahali hapo hupata joto kupita kiasi, na balbu hufa mapema. Shika kitako, au tumia kitambaa safi. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti. Rudisha mpira sawasawa ili maji na vumbi visiingie.

3. Ukibadilisha ya mbele upande mmoja, ni vema ubadilishe na ya pili. Zilianza kazi pamoja, na hiyo nyingine nayo haina siku nyingi.

Balbu ni mpya lakini haiwaki

Tazama fyuzi kwanza. Ikiwa ni nzima, tazama ndani ya soketi. Magari ya zamani hushika kutu humo. Taa zikiwa zimezimwa, isugue taratibu kwa msasa laini. Na kama ukiwasha indiketa taa nyingine ya nyuma nayo inapepesa, basi waya unaounganisha taa na bodi la gari umelegea au umeshika kutu. Hapo ndipo pa kumwita fundi wa umeme wa magari, nawe utamweleza ulichokiona badala ya kumwachia abahatishe.

Jambo la mwisho, akina mama wenzetu: weka garini balbu moja ya kila aina, zikiwa zimeviringishwa kwa kitambaa, pamoja na bisibisi na tochi. Balbu huungua usiku maduka yakiwa yamefungwa, nanyi mko njiani mnarudi kutoka msibani au mazoezi ya kwaya, watoto wamelala kiti cha nyuma. Waliolala hapo ndio walio karibu zaidi na lori linalowafuata.

Mwezi ujao tutaangalia matairi.