RIBA IKISHUKA, ANAFAIDI NANI?



Ndugu yangu Muislamu, tangu Benki Kuu ya Tanzania iteremshe riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, Julai 2025, wapo wanaosema barazani: riba ndogo haina neno, iliyokatazwa ni ile inayozidishwa juu ya kuzidishwa. Hoja yao ni Aal-Imran aya ya 130. Na al-Baqara aya ya 278 mnaipeleka wapi? Pale tumeamrishwa tuache riba iliyobakia, wala hapakutajwa asilimia.

Tuiweke fiqhi pembeni kidogo, twende Darajani.

Machi 2020, kwa sababu ya korona, Benki Kuu ya Marekani iliteremsha riba mpaka karibu na sifuri, ikaiacha hapo miaka miwili, huku ikizalisha matrilioni ya dola kununua hati za madeni. Wenye hisa na majumba wakatajirika wamekaa kitako. Fedha zikazidi bidhaa, vita vya Ukraine vikatia kuni, na Juni 2022 mfumuko wa bei kwao ukafika asilimia 9.1. Hapo wakageuka, wakapandisha riba mbio mbio hadi ikapita 5 mwaka 2023. Dola zikarudi kwao. Huku kwetu, dola iliyokuwa shilingi 2,300 na kitu mwaka 2022 ikavuka 2,600 mwaka 2024.

Sasa nijibu: mama wa Jang'ombe anayeweka shilingi zake kwenye kibubu, alikopa kwa nani? Hakukopa hata senti. Lakini mchele wa mapembe na unga wa ngano huja kwa meli, na hulipiwa kwa dola. Kibubu ni kile kile, mchele umepungua, na mwizi hakuingia ndani!

Na hiyo 5.75 usidhani ni yako. Hiyo ni ya Benki Kuu, ya kuongoza riba ya mabenki wenyewe kwa wenyewe. Wewe ukifika dirishani utasikia 15, na hati ya nyumba juu yake. Mwenye hoteli Nungwi ana dhamana, atasikilizwa. Muuza urojo wa Forodhani ataweka nini, sufuria?

Mtasema riba ya chini iliokoa biashara wakati wa korona. Zipo zilizookoka, sikatai. Lakini aliyekopeshwa alibaki na deni lake hata duka lilipofungwa.

Ukiwa na mtaji, mtafute mvuvi unayemuamini, muandikiane mudharaba mbele ya mashahidi. Akipata, mnagawana mlivyokubaliana. Bahari ikikataa bila ya uzembe wake, fedha zilizopotea ni zako, na yeye kapoteza jasho lake.

Wabillahi tawfiq.