Sauti ya Marehemu Ndani ya Flashi



Hivi karibuni tulisafiri bara kuwazuru jamaa zetu wa Makueni na Kitui. Tulipita Sultan Hamud, mji ambao hata jina lake lina asili ya kwetu, kwani ni la Hamud bin Muhammed, Sultani wa Unguja. Wala hatukudhani kwamba safari ile ingetuletea makala ya kompyuta. Kitui mjini tulimkuta mjane wa ukoo wetu akiwa na msiba juu ya msiba. Marehemu mumewe alikuwa amerekodi darasa zake za tajwidi, nazo zilihifadhiwa katika flashi moja tu. Kijana wao aliipeleka saiba ili achapishe karatasi zake za shule. Iliporudi, kila faili lilikuwa limegeuka alama ndogo yenye mshale, isiyofunguka. Mama yule akatwambia, "Ami, sauti yake imekwenda."

Haikuwa imekwenda. Kirusi cha aina hii huandikwa kwa ajili ya Windows. Huyaficha mafaili halisi, kisha huweka alama hizo mahali pake, ili mwenye kubonyeza akifungulie mlango kwa mkono wake mwenyewe. Jirani mmoja, mwalimu kijana, alikuwa na kompyuta inayoendeshwa kwa Linux. Alipoichomeka flashi, mafaili yote yalionekana, kwani Linux haijali ile alama ya kuficha inayotiiwa na Windows, na kirusi chenyewe hakikuweza kufanya kazi humo. Darasa zikasikika sebuleni. Machozi tuliyoyaona hatuna haja ya kuyasimulia.

Je, Windows ni mbovu? Hatusemi hivyo. Ndiyo iliyoenea zaidi katika kompyuta za majumbani na maofisini, na mwizi huelekea penye nyumba nyingi. Lakini Linux nayo ina ulinzi wa kimaumbile: mtumiaji wa kawaida hawezi kugusa viungo vya ndani vya mfumo bila nywila ya msimamizi, na programu nyingi huchukuliwa kutoka ghala moja linalosimamiwa. Mac ina msingi unaokaribiana na huo. Hata hivyo, mwaka 2012 kirusi kiitwacho Flashback kiliingia katika Mac zipatazo 600,000, nyingi za watu walioamini kwamba mashine zao hazipatwi na maradhi.

Wala si kila kirusi huficha tu. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo WannaCry ikapita katika tundu lile lile, ikayafunga kwa siri mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Walioathirika ni wale ambao hawakuyaweka marekebisho. Flashi ya mama yetu ingalipatwa na jambo la namna ile, jirani mwenye Linux asingalifaa kitu.

Hapa pana jambo linalotukera. Kompyuta nyingi tulizoziona, bara na pwani, zina Windows ya kuibwa, iliyovunjwa kufuli na fundi. Kufuli lililovunjwa mara nyingi huja na kirusi ndani yake, na wengi huzima marekebisho wakiogopa kugunduliwa. Kisheria pia halina mjadala mkubwa: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia. Asiyeweza kununua, Linux ni bure na ni halali.

Wenye Windows 10 wafahamu kwamba marekebisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na akina mama wanaosema hawana kompyuta, simu ya Android ni kompyuta, na kiini chake ni Linux hiyo hiyo. Ulinzi wake huvunjika pale mtu anapokubali kuweka programu aliyotumiwa kwa WhatsApp badala ya kuichukua Play Store, hata kama mtumaji ni shangazi.

Mama yule wa Kitui sasa ana nakala tatu: moja kwake, moja kwa binti yake Wote, na moja tumekuja nayo pwani.