Simu Isiyolia

Mwaka 1928 Dorothy Parker wa Marekani alichapisha "A Telephone Call", hadithi fupi ya simu ambayo hailii. Mwanamke yuko peke yake akimngoja mwanamume aliyeahidi kumpigia saa kumi na moja. Sasa ni saa moja na dakika kumi. Anamwomba Mungu, anahesabu tano tano, anajizuia kupiga yeye, kisha anaanza kuomba upya. Anayengoja barua huweza kuendelea na shughuli zake. Kwa mwanamke huyu, chombo chenyewe kiko karibu naye, kimya, na kila dakika ya ukimya anaisoma kama jibu.

Mwandishi John Cheever alichagua redio. Katika "The Enormous Radio" ya mwaka 1947, redio mpya ya Jim na Irene Westcott huko New York inanasa sauti za majirani: ugomvi, maradhi, shida za fedha. Irene hawezi kuacha kusikiliza. Mwishowe mumewe ndiye anayemfokea na kuanika siri zake, na ukali wa hadithi uko hapo hasa.

Simu ya mkononi imeleta upweke wa namna nyingine. Katika "Cat Person" ya Kristen Roupenian, hadithi iliyotoka katika jarida la The New Yorker Desemba 2017, Margot na Robert wanazoeana kwa ujumbe mfupi zaidi kuliko kwa kuonana. Kwenye maandishi ni wachangamfu. Ana kwa ana, Margot anamkuta mtu asiyemfahamu. Robert anapokataliwa, ujumbe unafuatana mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ni tusi la neno moja.