Adabu za Msafara wa Baiskeli

Vijana wetu wengi siku hizi huiacha lami na kuzielekeza baiskeli zao kwenye njia za mchanga, katikati ya minazi na mikorosho, wakitoka kumi au kumi na watano kwa pamoja mara baada ya alfajiri. Ni mchezo mwema, hukuza pumzi na kujenga udugu. Lakini ukitaka kujua kama kundi lina adabu, usimtazame anayetangulia. Mtazame wa mwisho.

Aghalabu mambo huwa hivi. Wenye nguvu hufika kwanza penye mwembe, wakateremka, wakanywa maji na kupumzika dakika kumi. Yule dhaifu anapotokea akitweta, mara wenzake hupanda baiskeli zao: "Haya, twende!" Basi aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika, na kila kituo humzidishia uchovu. Ndipo anapoanguka mteremkoni kwa mikono iliyolegea, ama anapoikosea njia panda na kubaki peke yake katika shamba asilolijua. Wenzake wakiulizwa, husema walimngojea. Hawakumngojea. Mapumziko huanza kuhesabiwa anapofika wa mwisho.

Kwa hiyo yapasa msafara uwe na kiongozi mbele na mtu mzima mzoefu nyuma, asiyempita yeyote, mwenye pampu, tyubu ya akiba na viraka. Kwenye kila njia panda, anayemfuata kiongozi husimama kuonyesha njia mpaka yule wa nyuma kabisa atokee. Kwa utaratibu huo hapotei mtu, hata asiyewahi kuikanyaga njia hiyo.

Njia nazo zina wenyewe. Mama aliyejitwika ndoo ya maji hawezi kuruka pembeni, na baiskeli mchangani haina kishindo cha kumtahadharisha. Pigeni kengele mkiwa mbali, punguzeni mwendo, mtoe salamu, na pakiwa pembamba mshuke mkaziburure baiskeli. Penye mbuzi au ng'ombe semeni kwa sauti ya kawaida, mnyama ajue kuwa ni binadamu. Anayeteremka humpisha anayepanda. Lango mlilolikuta limefungwa, lifungeni.

Wako waliolipia gharama ya kuyapuuza haya. Katika mlima Tamalpais, California, ambako mchezo huu ulilelewa miaka ya 1970, waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamikia kasi ya baiskeli, na njia nyingi nyembamba zikafungwa kwa waendeshaji. Kwenye njia pana ukawekwa mpaka wa maili 15 kwa saa, na maili 5 penye kona isiyoonyesha mbele. Mwaka 1988 vyama vya waendeshaji wa jimbo hilo vikaunda chama cha IMBA, ambacho kanuni zake husisitiza kuwapisha wengine, kutowatisha wanyama na kutoacha uharibifu nyuma. Kwetu hakuna mtu anayesimama shambani na kipima mwendo. Kilichopo ni ridhaa ya wenye mashamba, ambayo haikuandikwa popote, na mbuzi mmoja aliyevunjwa mguu anatosha kuiondoa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke ni jambo jingine. Una ndovu, na ukimya wa baiskeli unaweza kuwakutanisha nao ghafla. Asiingie mtu bila idhini ya wasimamizi wa msitu na mwongozaji aujuaye.

Wazazi, kofia ngumu na chupa ya maji mtaviona kwa macho. Kabla kijana hajatoka mlangoni, muulizeni pia: leo nani anakaa nyuma, na nambari yake ya simu ni ipi? Akishindwa kujibu, baiskeli na ingoje barazani mpaka apate jibu.