Mawaridi na Ribiti: Pambo Lipi Lina Haki ya Kubaki?

Mashua nyembamba za mifereji ya Uingereza, zenye upana wa takriban mita 2.1 tu, ziliundwa kubeba makaa ya mawe na shehena nyinginezo. Reli zilipowapokonya waendeshaji wake biashara katika karne ya 19, wengi walishindwa kugharamia nyumba za nchi kavu, wakahamishia jamaa zao katika kijumba cha shetrini chenye urefu wa kama mita 3. Ni humo mlimopambwa kwa mawaridi na makasri: milangoni, kwenye meza ya kukunjwa, hata juu ya debe la maji lililokaa paani. John Hollingshead aliyaeleza mapambo hayo mwaka wa 1858. Wengi wa wenye mashua hawakujua kusoma wala kuandika.

Baridi kali ya 1962-63 iligandisha mifereji na kuizika biashara hiyo kwa kiasi kikubwa. Mashua zinazoundwa sasa kwa kuigiza zile za kale ni za chuma kilichochomelewa, zina injini ya dizeli na mabomba ya maji, na aghalabu ni za makao au mapumziko. Bado zinapakwa mawaridi. Wapo wanaodai kuwa huo ni urembo mtupu usiokifaa chombo cha kisasa. Hoja hiyo haina mashiko. Waridi halikupata kuisukuma mashua hata zama za farasi. Lilikifanya chumba cha dhiki kiwe nyumbani, na haja hiyo haijaondolewa na dizeli.

Ribiti ni suala jingine. Mabamba ya mashua za kale za chuma yaliunganishwa kwa ribiti. Baadhi ya mashua za leo hubandikwa vichwa vya ribiti visivyoshika chochote. Mwunda mtepe wa Lamu alishona mbao kwa kamba za nazi, na mishono yake ilipendeza kwa kuwa ilishika. Atakayeunda mtepe wa misumari, kisha achore mishono kwa rangi, atachekwa kabla hajakishua chombo (na atakuwa amejitakia). Wanamapokeo na wanamabadiliko waliozozania vina na mizani wangeutambua mgogoro huu: kipo kina kinacholishika shairi, na kipo kilichopachikwa ili ubeti uonekane wa kale.

Hata waridi lenyewe sasa limo hatarini. Mchoraji stadi hulitia petali moja kwa mpigo mmoja wa brashi. Madukani yapo mawaridi yaliyochapishwa, tayari kubandikwa. Mwenye mashua anayeyanunua huokoa fedha, ila mchoraji hukosa kazi, na asiye na kazi hachukui mwanagenzi.