Stesheni ya Kampala Isigeuzwe Maduka

Wapo wenzetu wanaosema stesheni ya gari moshi ya Kampala imekwisha kazi, tena imekalia ardhi ghali katikati ya mji. Afadhali ivunjwe, yajengwe maduka. Hoja yao kubwa ni kwamba treni ya abiria haileti faida. Mimi naipinga hoja hiyo toka mzizi wake.

Nani ameiuliza Barabara ya Jinja faida yake? Inajengwa kwa kodi, inaliwa na malori, inajengwa tena kwa kodi, na hakuna anayesimama Nakawa kuhesabu imeingiza shilingi ngapi. Reli peke yake ndiyo inayotakiwa ijilishe. Huo si uchumi. Ni upendeleo kwa mwenye gari.

Tena reli yenyewe haikujengwa kwa ajili yetu. Ilipofika Kampala mwaka 1931, waliotazamiwa walikuwa pamba na kahawa, ziteremke Mombasa bila kupakiwa na kupakuliwa melini kule ziwani. Ilipofikishwa Kasese mwaka 1956, ilifuata shaba ya Kilembe. Abiria alikuwa nyongeza tu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, tukabaki na kipande chetu cha reli, na katika miaka ya 1990 treni za abiria zikakoma. Rika langu limekua likidhani eggaali y'omukka ni ya kubeba makontena. (Jina hilo la Kiganda ni gari na moshi vile vile, wanaodai Kiswahili ni lugha ya wageni hapa walitafakari.)

Desemba 2015 abiria walirudishwa, kati ya Kampala na Namanve. Walipewa nini? Safari za asubuhi na za jioni. Mwanafunzi anayemaliza kipindi saa saba mchana ama angoje jioni, ama apande taksi. Mwaka 2023 safari zikasimamishwa ili njia ikarabatiwe. Ukifungua duka asubuhi na jioni tu, kisha ukalifunga kwa miezi, unapata wapi uso wa kusema wateja hakuna?

Wateja tupo. Mimi nakaa Kireka. Mvua ikidondoka kidogo, kondakta wa taksi ya watu 14 anapandisha nauli papo hapo, na anayebisha anaambiwa ashuke. Halafu gari linakwama kwenye msongamano, nauli mpya na mwendo ule ule. Nauli ya treni haitazami mawingu, na behewa moja linabeba watu wa taksi kadhaa bila kuongeza gari hata moja barabarani.

Kwa hiyo sikubali tuitwe kupima kiwanja kabla treni haijapewa safari za mchana. Ziwekwe kwanza, kila siku ya masomo na ya kazi, kwa saa zinazojulikana na kubandikwa ukutani stesheni. Na wanaolilia maduka wavuke tu Barabara ya Kampala: yamejaa hadi kwenye ngazi.